Tiba ya Dharura: Uwanda wa Makonde Usiachwe Kuwa Kisiwa

Kila unapowadia msimu wa korosho, vijiji vya Masasi na Newala hubadilika sura. Magunia hujaa katika maghala ya vyama vya ushirika, malori hupanda na kushuka kutwa kucha, fedha huingia mikononi mwa wakulima, na pikipiki za abiria huongezeka barabarani. Ni msimu wa neema, na hakuna anayeuombea uchelewe. Lakini waganga na wauguzi wa zamu huujua kwa sura yake nyingine pia: kijana aliyeanguka kutoka juu ya mti, abiria wa bodaboda aliyevunjika paja, mama aliyeungua mikono kwa mafuta makali ya ganda la korosho, mkulima aliyeumwa na kifutu alipokuwa akiokota chini ya majani makavu. Wote hao hufika hospitalini bila ya kuandikiwa siku ya kuonwa. Uhai wao unategemea yatakayofanywa katika saa ya kwanza, wala si katika juma la kwanza.

Leo tunapenda kuzungumza juu ya saa hiyo ya kwanza, na juu ya madaktari wanaosomea namna ya kuitumia. Tunawaandikia wananchi wenzetu wa Visiwani pamoja na viongozi wa Serikali wenye dhamana ya kupanga watumishi, kwani tunaamini kwamba suala la tiba ya dharura katika Uwanda wa Juu wa Makonde si la watu wa Mtwara peke yao. Ni suala la kila mwananchi anayeishi mbali na hospitali kubwa, akatenganishwa nayo na bahari, mto au mteremko mkali.

Msomaji wa Unguja au Pemba anaweza kuuliza: Newala na Masasi zinatuhusu nini? Tunamjibu kwamba zinamhusu tangu zamani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alipowapeleka kusini watu waliokombolewa utumwani, msafara wake ulitoka Unguja, na watu hao ndio walioanzisha makazi ya misheni ya Masasi. Baadaye, katika zama za karafuu na za kazi za vibarua, Wamakonde wengi walivuka bahari wakaja kukaa Visiwani, na leo wajukuu wao ni watu wa Visiwani kama sisi sote. Undugu huo hauhitaji kutafutiwa ushahidi.

Lakini kuna sababu nyingine iliyo kubwa zaidi. Uwanda wa Makonde nao ni kisiwa, ijapokuwa haukuzungukwa na maji. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda huo, na anayesimama pale Shimo la Mungu huona bonde la Ruvuma likitandaa chini yake. Kutoka hapo hadi Masasi ni mwendo wa kiasi cha kilometa 70 wa kuteremka. Kwenda Mtwara mjini ni mara mbili ya hizo. Kusini yote kwa miaka mingi ilitengwa na Dar es Salaam kila Mto Rufiji ulipofurika, hadi lilipofunguliwa Daraja la Mkapa mwaka 2003. Hata baada ya hapo, Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya, kilichotua karibu na kisiwa cha Mafia, viliikata barabara kuu ya kusini maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, na magari yakakwama. Mgonjwa aliyekuwa ndani ya gari siku hizo alikuwa hana tofauti na mgonjwa wa Pemba aliyezuiliwa na bahari chafu.

Nasi wa Visiwani tunajua thamani ya saa ya kwanza kwa uchungu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Haukupita hata mwaka mzima, tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Wavuvi waliotia ngalawa baharini, vijana waliobeba majeruhi mabegani, wauguzi waliokesha, wote walifanya kazi ya kuheshimiwa. Hata hivyo, misiba ile ilitufundisha kwamba ushujaa peke yake hautoshi. Panahitajika watu waliofundishwa kupokea majeruhi mia kwa wakati mmoja, kuwagawa kwa kadiri ya hali zao, na kumshughulikia kwanza anayeweza kupona endapo atahudumiwa upesi. Kusini nao wana yao: Julai 2022 gari la wanafunzi lilitumbukia korongoni Mtwara Mikindani, na watoto wakapoteza maisha yao asubuhi wakiwa njiani kwenda shule.

Tiba ya dharura, basi, ni elimu gani? Wako wanaodhani kwamba ni kazi ya daktari yeyote aliyepangwa zamu ya usiku. Hapo zamani ndivyo ilivyokuwa kote duniani: majeruhi aliwekwa chumba cha mapokezi, akasubiri aitwe daktari wa upasuaji, au wa moyo, au wa watoto, kila mmoja kutoka wodini kwake. Marekani ilianza kusomesha madaktari wa fani hii mwaka 1970 huko Cincinnati, na mwaka 1979 ikaitambua rasmi kuwa fani ya ubingwa. Bingwa wa tiba ya dharura hachagui kiungo wala umri wa mgonjwa. Anaanza na njia ya hewa, kisha upumuaji, kisha mzunguko wa damu, kisha fahamu. Kila anachokikuta kibovu anakirekebisha hapo hapo kabla ya kusonga mbele, na baada ya hapo ndipo anapomkabidhi mgonjwa kwa bingwa mwenziwe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya nusu ya vifo katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati vinatokana na hali ambazo huduma nzuri ya dharura ingeweza kuzishughulikia. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya jambo hili mwaka 2007, na ukarudia kwa mkazo mwaka 2019.

Tanzania haikuachwa nyuma katika safari hii, na hili ni jambo la kujivunia. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba Mwingereza alituachia nchi yenye madaktari 12. Katika wilaya tunazozizungumzia, upasuaji kwa muda mrefu ulikuwa kazi ya hospitali za misheni. Daktari Leader Stirling, aliyefika mwaka 1935, alifanya kazi hiyo Masasi na Lulindi kabla ya kuhamia kwingine. Baadaye akawa raia, mbunge, na Waziri wa Afya wa nchi yetu kuanzia 1975 hadi 1980. Katika vita vya ukombozi wa Msumbiji, vilivyoanza Septemba 1964, majeruhi walivushwa Ruvuma kwa mitumbwi na kubebwa kwa machela, na Frelimo ikawa na hospitali yake Mtwara. Watu wa kusini, kwa hiyo, walikwisha kuijua kazi ya kumwokoa majeruhi kabla fani yenyewe haijapewa jina katika vyuo vyetu.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 2010. Mwaka huo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura, ya kwanza ya aina yake katika hospitali za umma nchini, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kufundisha shahada ya uzamili ya fani hiyo, masomo ya miaka mitatu. Mabingwa wa kwanza walihitimu mwaka 2013. Waliohitimu hapo wamekuwa walimu wa wenzao, na leo daktari wa Kitanzania hana haja ya kwenda ng'ambo ili awe bingwa wa dharura.

Kisha yakaja majengo. Katika mpango wa mwaka 2021 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, uliotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa thamani ya shilingi trilioni 1.3, fedha zilielekezwa pia katika kujenga majengo ya dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi katika hospitali za Bara. Zanzibar, kwa fungu lake lililojulikana kwa jina la Ahueni ya UVIKO-19, ilijenga hospitali kumi za wilaya pamoja na ile ya mkoa ya Lumumba. Kule kusini, Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyoko Mitengo, Mtwara, ilianza kutoa huduma mwaka huo huo wa 2021. Kabla ya hapo, rufaa ya ubingwa mkubwa kwa mtu wa Newala ilimaanisha safari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 550 kutoka Mtwara.

Tunaishukuru Serikali kwa kazi hiyo. Lakini jengo halimfufui mtu. Mashine ya oksijeni isiyo na muuguzi anayejua kuipima ni samani. Swali la leo, kwa hiyo, si tena wapi patakapojengwa, bali ni nani atakayesimama mlangoni saa nane za usiku, pikipiki inapoleta mtu aliyepoteza fahamu.

Kwa vijana wetu wa udaktari jibu la swali hilo ni fursa, nasi tungependa waielewe vyema. Aliyemaliza shahada yake ya miaka mitano na mwaka mmoja wa mafunzo tarajali, akasajiliwa na baraza la madaktari, anaweza kuomba kusomea ubingwa wa dharura pale Muhimbili. Wizara ya Afya imekuwa ikitoa ufadhili kwa watumishi wanaosomea ubingwa na ubingwa bobezi, ukiwemo ule unaobeba jina la Rais Samia Suluhu Hassan. Daktari aliyeajiriwa na halmashauri ana njia pia, mradi mwajiri wake ampe ruhusa na nafasi yake ilindwe mpaka arudi. Hapa tunawaomba wakurugenzi wa halmashauri wasione kwamba kumruhusu daktari kwenda masomoni ni kumpoteza. Wanaompoteza ni wale wanaomnyima ruhusa, kwani huacha kazi akaenda zake.

Kwa vijana wa Visiwani kuna jambo la kukumbuka. Elimu ya juu ni suala la Muungano, bali afya si la Muungano. Kijana wa Wete na kijana wa Newala wanaweza kuketi darasa moja Muhimbili, wakafundishwa na mwalimu mmoja, kisha kila mmoja akarudi kwenye wizara yake na baraza lake la madaktari. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar sasa kinatoa shahada ya udaktari, na hospitali mpya za wilaya zinawasubiri wahitimu. Tungependa kuona wizara mbili hizi zikikaa pamoja na kukubaliana idadi ya mabingwa wa dharura watakaosomeshwa kila mwaka, ili pasitokee upande mmoja ukawa na majengo bila ya watu.

Wala fursa hii si ya madaktari peke yao, na pengine hapa ndipo penye faida ya karibu zaidi kwa Masasi na Newala. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walitoa mafunzo ya msingi ya huduma za dharura, ya muda wa siku tano, yaliyotayarishwa mahsusi kwa vituo visivyo na vifaa vingi. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi ambamo mafunzo hayo yalifanyiwa majaribio, pamoja na Uganda na Zambia. Yanawafaa wauguzi, matabibu na madaktari; yanafundisha namna ya kumpokea majeruhi, mtu anayeshindwa kupumua, mtu aliyeishiwa nguvu ya damu, na mtu aliyebadilika fahamu. Bingwa mmoja aliyerudi kutoka Muhimbili anaweza kuwafundisha wenzake wa hospitali nzima ndani ya miezi michache. Vyuo vya wauguzi vya Ndanda na Newala, na chuo cha matabibu cha Mtwara, vingeweza kuyaingiza mafunzo haya katika mwaka wa mwisho ili mhitimu atoke nayo. Na muuguzi anayetaka kwenda mbali zaidi, Muhimbili pana shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi.

Daktari aliye peke yake uwandani asidhani pia kwamba amesahauliwa na fani yake. Shirikisho la Tiba ya Dharura la Afrika liliundwa mwaka 2009; mikutano yake imekwisha kufanyika Accra, Addis Ababa, Kairo na Kigali. Jarida la fani hiyo barani Afrika lilianza mwaka 2011, na makala yake husomwa bure na yeyote mwenye simu ya intaneti. Wapo Watanzania wengi miongoni mwa wanaoandika humo. Daktari wa Newala anayeweka kumbukumbu nzuri za walioanguka mikorosho au walioumwa na nyoka anayo maarifa ambayo hospitali kubwa za mjini hazina, na yafaa wenzake wayasome.

Pamoja na fursa hizo zote, kuna kasoro ambayo hatuwezi kuinyamazia. Mwaka 2022 Serikali ilizindua mpango wa M-mama kwa nchi nzima, baada ya majaribio yaliyoanzia Kanda ya Ziwa. Kwa mpango huo, mama mjamzito mwenye dharura, mzazi au mtoto mchanga hupigiwa simu namba 115 bila ya malipo. Kituo hutafuta gari la wagonjwa, na kama halipo karibu hutafuta dereva wa kijijini aliyekwisha kuandikishwa, naye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Ni mpango mzuri uliobuniwa kwa kuijua hali ya vijijini, na umeokoa akina mama ambao zamani wangefia njiani.

Lakini tujiulize. Baba wa mtoto huyo huyo akianguka kutoka mkorosho kesho yake, akavunjika uti wa mgongo, nani atapigiwa simu? Jirani zake watamwinua wanavyojua, watampakia katikati ya watu wawili juu ya pikipiki, na barabara ya vumbi itamalizia yale yaliyoanzwa na mti. Dereva ni yule yule, simu ni ile ile, kijiji ni kile kile. Kilichokosekana ni ruhusa na fungu la fedha. Tunaamini hapa ndipo pa kuanzia.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo machache kwa wahusika, nayo yote yanawezekana bila ya kusubiri miujiza.

La kwanza, mpango wa usafiri wa dharura uliojengwa kwa ajili ya mama na mtoto upanuliwe hatua kwa hatua ili uwachukue majeruhi na wagonjwa wengine wa ghafla, na mikoa ya pembezoni, Mtwara ikiwemo, ipewe nafasi ya kwanza ya majaribio. Madereva walioandikishwa wafundishwe kumbeba majeruhi bila ya kumpinda shingo wala mgongo, na kuzuia damu kwa kukandamiza jeraha. Mafunzo hayo hayahitaji digrii.

La pili, watumishi waliofundishwa kazi ya dharura waachwe katika idara ya dharura. Si nadra katika hospitali zetu kuona muuguzi amefundishwa leo, na mwezi ujao kahamishiwa wodi nyingine kwa sababu zamu ndivyo ilivyozunguka. Huko ni kuchota maji kwa pakacha.

La tatu, madaktari wanaosomea ubingwa wa dharura wapangiwe sehemu ya mafunzo yao kwa vitendo katika hospitali za kusini: Mitengo na Ligula mjini Mtwara, Mkomaindo mjini Masasi, hospitali ya Ndanda, na hospitali ya wilaya ya Newala. Mwanafunzi atajifunza kufanya kazi pasipo na mashine zote, na mahali atakapokuwa ameishi miezi mitatu hapatakuwa tena pa kutisha siku atakapopangiwa ajira.

La nne, bingwa akikubali kwenda, akute maisha. Wenyeji wa Newala wanajua kwamba shida kuu ya uwanda wao tangu enzi za mkoloni ni maji. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, na tangu hapo umekuwa ukikarabatiwa mara kwa mara. Chumba cha dharura kisichokuwa na maji ya uhakika hakifai kuitwa hivyo, na nyumba ya daktari isiyokuwa nayo itakaa tupu. Taasisi iliyoanzishwa mwaka 2006 na marehemu Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi, ilionyesha kwamba watumishi wa afya hukubali kwenda wilaya ngumu endapo ajira, makazi na motisha vimepangwa kabla hawajafika. Itakuwa jambo la kusikitisha iwapo somo hilo litatumika kote isipokuwa katika ardhi alimozikwa.

La tano ni dogo, lakini limegharimu watu. Bado wapo wananchi wanaoamini kwamba majeruhi hawezi kuguswa mpaka ipatikane fomu namba 3 ya polisi, nao hupoteza saa nzima kituoni huku damu ikimwagika. Fomu hiyo ni ya kusaidia haki na ushahidi. Haikuwekwa iwe kizuizi cha uhai. Viongozi wa vijiji na wa polisi walitangaze hili katika mikutano ya hadhara: majeruhi aliye katika hatari apelekwe kwanza hospitalini, atibiwe, na fomu ifuate nyuma. Na hospitali zibandike tangazo hilo mlangoni kwa Kiswahili cha kusomeka.

Tunajua hoja itakayotolewa. Itasemwa kwamba fedha hazitoshi, na kwamba bingwa mmoja wa dharura anaokoa watu wengi zaidi akiwa Dar es Salaam, kwenye msongamano wa magari na watu, kuliko akiwa Newala. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuipuuzi. Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, na kuunguza umati wa watu, ilikuwa bahati kwamba Muhimbili ilikuwa na idara iliyojiandaa kupokea walioungua. Lakini hoja hiyo husahau kwamba Morogoro imeunganishwa na Muhimbili kwa lami ya saa chache. Kutoka Newala, barabara ya lami ya Mnivata, Newala hadi Masasi, yenye kilometa 160, ni mradi uliosubiriwa na vizazi. Palipo mbali ndipo penye haja zaidi ya mtu anayeweza kumtuliza mgonjwa ili aimudu safari. Bingwa wa mjini ana wenzake kumi wa kumsaidia. Bingwa wa pembezoni ndiye anayeamua kama mgonjwa atafika kwa hao kumi akiwa hai. Aidha, Ruvuma ni mpaka, na shambulio la Kitaya la Oktoba 2020 lilitukumbusha kwamba mpakani majeruhi huweza kuja wengi, ghafla, na bila ya taarifa.

Wanazuoni wa kale waliiweka elimu ya tiba katika faradhi ya kifaya, yaani wajibu unaoangukia jamii nzima: wakijitokeza wa kutosha kuutekeleza, waliobaki wamesalimika; asipojitokeza yeyote, lawama ni ya wote. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwalaumu wasomi wa zama zake waliojazana katika fani zenye cheo na kuiacha miji yao bila ya tabibu wa kwao. Zaidi ya miaka 900 imepita, na lawama hiyo bado inamfikia yeyote anayesoma kwa jasho la wakulima kisha akaona haya kuwatibu wakulima hao hao.

Wananchi nao wana sehemu yao. Mwaka 1973 nchi hii ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima kwa mamilioni walikusanyika katika vikundi, wakisikiliza redio na kusoma vijitabu, wakajifunza kuchimba vyoo na kuchemsha maji. Wengi wao ndio kwanza walikuwa wamejua kusoma. Hakuna sababu ya kampeni kama hiyo kutofanyika leo juu ya huduma ya kwanza, kwa redio za mikoa na kwa simu zilizomo mikononi mwa watu: namna ya kukandamiza jeraha linalovuja damu, kumlaza ubavuni aliyepoteza fahamu, kutomkata wala kumfunga kamba aliyeumwa na nyoka bali kumtuliza na kumkimbiza hospitali, kupoza palipoungua kwa maji safi. Wavuvi wa Nungwi na Mkoani wajifunze kumhudumia aliyezama; madereva wa bodaboda wa Masasi na Newala wajifunze kumhudumia aliyegongwa, na kuvaa kofia ngumu wao wenyewe. Na wote tuchangie damu, maana majeruhi anayevuja haponi kwa dripu ya maji peke yake.

Kwa madaktari vijana tunasema hivi. Fani mliyoichagua, au mnayofikiri kuichagua, bado ina nafasi tele katika nchi hii. Penye mabingwa wengi mtakwenda kuongeza idadi. Uwandani, na katika hospitali mpya za Unguja na Pemba, mtakwenda kuanzisha: zamu ya kwanza iliyopangwa vizuri, daftari la kwanza la majeruhi, kundi la kwanza la wauguzi waliofundishwa na ninyi. Kazi hiyo ni ngumu, na hatutawadanganya kwamba mshahara wake utalingana na wa Ghuba. Lakini Serikali ikitimiza sehemu yake ya nyumba, maji, vifaa na cheo, nanyi mkatimiza yenu, wilaya hizi hazitakuwa tena mahali pa kupangiwa mtu kama adhabu.

Msimu wa korosho hausubiri bajeti. Kila mwaka, miezi ya mwisho, watu watapanda miti na pikipiki, na baadhi yao wataanguka. Tunawaomba viongozi wa wizara zote mbili na wa halmashauri za Masasi na Newala wakae sasa, wakiwa na orodha ya watumishi mkononi, waamue kabla ya msimu ujao ni nani atakayekuwa mlangoni.